Mwalimu Lucia na Mtoto wa Mstari wa Tano

Wasifu wa marehemu Mwalimu Lucia Yoakimu Tluway (1961–2025), kama ulivyosomwa na binti yake Helena nyumbani kwa marehemu, Dongobesh, Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025

Wazee wetu, shikamooni. Baba Paroko, uongozi wa kijiji, walimu waliofanya kazi na marehemu, ndugu wa Kainam, na ninyi mliotoka Gendabi na Mogitu tangu jana, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia inaomba msikilize mpaka neno la mwisho, maana karatasi inayosomwa hapa hailingani na ratiba mliyoshika mkononi. Ratiba ilichapwa Babati siku ya Jumatatu. Karatasi hii imeandikwa upya jana, na sababu yake mtaijua tukifika.

Anayesoma ni Helena, mtoto wa pili wa marehemu, na anasoma kwa woga. Marehemu alikuwa mtu wa kalamu nyekundu. Kadi ya harusi ikimfikia ina makosa, aliirudisha kwa mwenyewe ikiwa imesahihishwa, na mchango ndani yake. Wasifu huu nao angeurudisha. Ila akiwa kitandani aliagiza jambo moja tu kuhusu siku ya leo: "Msinifanye malaika. Semeni na lile la Gendabi." Basi tutalisema, ingawa wapo kati yetu waliotaka lizikwe naye.

Mwalimu Lucia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Kainam, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Yoakimu Tluway na Mama Angela Hhando. Ulikuwa mwaka wa njaa. Bibi yake alimtazama alivyokuwa mdogo akasema huyu hatadumu, wakambatiza harakaharaka kabla wiki haijaisha. Amedumu miaka sitini na minne, na kila alipopata mafua aliwakumbusha watu kwamba bibi yake alishamzika mara moja na hakukaa.

Shule aliipata kwa bahati. Mwaka 1970 Mzee Yoakimu alimwandikisha kaka yake peke yake, kwa kuwa mbuzi walihitaji mtu. Mwalimu mkuu wa enzi hizo alikuwa na desturi ya kupita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Alipofika akamwona msichana amejificha nyuma ya mama yake, akauliza, "Na huyu?" Mzee Yoakimu akasema huyu ni wa mbuzi. Mwalimu hakubishana. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji ya kunywa, akayanywa taratibu, akauliza tena, "Na huyu?" Alipouliza mara ya tatu, mzee akataja jina ili mgeni aondoke. Marehemu aliisimulia habari hiyo mara nyingi mpaka sisi wanawe tukawa tunaimalizia kabla yake, na yeye anacheka. Miaka ya mwisho alipofika kwenye "Na huyu?" hakucheka tena.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Taifa lilikuwa linatafuta walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na kwa kuwa alifaulu vizuri alichukuliwa mwaka uliofuata, akiwa na miaka kumi na sita, akajifunza kazi huku akiifanya. Aliajiriwa rasmi Januari 1980 katika shule ya msingi wilayani Mbulu. Wanafunzi wake wa kwanza wengine walimzidi kimo, na mmoja wao, ambaye leo ni mzee mwenye mvi na yupo hapa amekaa kule nyuma, alimwambia mama yake kwamba shuleni wameletewa mtoto mwenzao ila ana fimbo.

Tarehe 8 Oktoba 1983, katika kanisa letu hapa Dongobesh, alifunga ndoa na Mzee Nikolausi Bura Amnaay, mkulima, mtu wa maneno machache. Mungu akawajalia Sylvester mwaka 1985, Helena mwaka 1988, Imakulata mwaka 1991 na Yoakimu mwaka 1996. Wanaowajua wanajua kwamba katika nyumba ile mmoja alisema na mwingine alilima, na hakuna aliyelalamikia zamu yake.

Mwaka 1995 marehemu alihamishiwa Hanang, kwanza Mogitu hadi 2006, kisha Gendabi hadi alipostaafu siku aliyotimiza miaka sitini, tarehe 14 Agosti 2021. Yoakimu alizaliwa hukohuko, akakua na mama. Sisi watatu wakubwa tulibaki hapa na baba na bibi, na mama alikuja mwisho wa mwezi, barabara ikipitika. Gendabi aliishi kati ya wakulima na wafugaji, akajifunza Kibarbaig cha kutosha kusalimia, kugombana na kupatana. Watoto wa wafugaji waliogopa herufi, kwa hiyo akawaambia kila mmoja aje na jina la ng'ombe wa kwao, akaandika majina hayo ubaoni. Wiki ya tatu darasa zima lilijua kusoma zizi, na akatoka hapo akaingia kwenye kitabu. Wanafunzi hao leo ni wazazi. Kuna waliotembea tangu alfajiri kuja kumzika.

Sasa tufike kwenye lile la Gendabi.

Januari 2022 walikuja watafiti wa chuo kimoja, wanachunguza ustawi wa watoto, maisha ya familia na elimu. Walitaka wadadisi wanaojua lugha za huku, wakaambiwa yupo mwalimu mstaafu asiyejua kupumzika. Marehemu aliipenda kazi ile kuliko alivyokiri. Alipewa kishikwambi na fulana, akafundishwa wiki mbili Katesh. Maswali yalikuwa ya nyumbani kabisa. Mtoto alikula nini jana? Akikosea anafanywaje? Anaweza kusoma aya hii? Wiki iliyopita, nani alikaa na mtoto akazungumza naye? Alisema miaka arobaini na moja alikuwa anamwona mtoto kuanzia mlango wa darasa, na sasa anamwona kuanzia jikoni.

Swali hilo la mwisho lilimrudia mwenyewe. Pasaka ya mwaka huo, tukiwa wote mezani, aliweka kijiko chini akauliza, "Nilipokuwa Mogitu, jioni nani alikuwa anazungumza nanyi?"

Sylvester ndiye aliyejibu. "Redio," akasema.

Alisema kama utani, na wajukuu wakacheka. Mama hakucheka. Aliomba chumvi, ambayo ilikuwa mbele yake.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa limeshatendeka mwezi mmoja kabla ya Pasaka hiyo. Jumatano tarehe 16 Machi 2022 alifika kwenye boma la Mzee Gidahosh, huko Gendabi, kuhoji nyumba ya mwanawe. Utaratibu wa utafiti ulikuwa mama ahojiwe peke yake, asiogope mume wala mkwe, na ni utaratibu mzuri. Marehemu akawatoa wanaume, akawatoa wake wenza, akawafukuza na watoto wakacheze mbali. Akabaki na Mama Gidamis, mwanamke anayeitwa kwa jina la mwanawe mkubwa. Mama huyo akataja mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mwalimu akaandika majina, umri na darasa. Ulipofunguka mstari wa tano, mama akanyamaza.

"Yupo mwingine?"

"Yupo."

"Anaitwa nani?"

Mama Gidamis akatazama jiko.

Wenyeji wa Hanang mmeshaelewa. Mwanamke wa Kibarbaig aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake, na halitaji hata jina linalofanana nalo. Mtoto wa tano alikuwa msichana wa miaka saba, na bibi yake mzaa baba ndiye aliyempa jina, akamfananisha na babu. Mama yake hajawahi kulitamka. Nyumbani humwita kwa jina la kukwepa. Mtoto yeyote pale nje angeweza kulisema jina lenyewe, mume angeweza, hata mpita njia. Ila wote hao mwalimu alikuwa amewafukuza mwenyewe, kwa utaratibu.

Na tusimtetee kwa kusema hakujua. Alikaa Gendabi miaka kumi na mitano. Alijua. Angetoka nje akaita mtoto mmoja, jambo lingekwisha kwa dakika moja. Lakini lilikuwa boma la sita siku hiyo, wingu lilikuwa limefunga, pikipiki ilikuwa inamsubiri, na kishikwambi kinakataa mstari usio na jina. Jina la utani haliruhusiwi kuandikwa. Akamwambia Mama Gidamis, "Nitalichukua siku nyingine," akabonyeza palipoandikwa *Futa mstari*. Kishikwambi kikakubali, kikasonga mbele. Siku nyingine haikufika. Maboma yalikuwa mengi, na mwezi wa nne kazi ikafungwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa orodha. Walikuja wa kupima urefu na uzito, wakaita majina manne, wakapima wanne. Msichana yule alisimama kwenye foleni mpaka ubao wa kupimia ukakunjwa. Kisha majina ya watoto wasiosoma yakapelekwa kwa kamati ya shule ili wafuatiliwe, na watatu kati ya wale wanne wakaandikishwa. Wa nne, mkubwa wao, alikuwa anasoma tayari. Marehemu alifurahi sana alipopata habari hizo. Aliwaambia watu hapa Dongobesh kwamba kuna boma moja Gendabi watoto wote wanne wako darasani.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang na kufunika Gendabi, hakuna aliyeweza kumzuia mama asiende. Siku ya tatu alipanda basi dogo na mfuko wa unga na blanketi mbili, akawauliza watu njiani, mpaka akaipata familia ile Mogitu imehifadhiwa kwa mkulima mmoja. Boma lao lilikuwa limejaa tope hadi madirishani, lakini watu walikuwa wametoka. Alimkumbatia Mama Gidamis, akamuuliza huku analia, "Watoto wote wanne wazima?"

"Watano, Mwalimu," akasema Mama Gidamis.

Aliwahesabu. Walikuwa watano. Yule wa mwisho alikuwa na fimbo ya kuchungia mkononi, akamkaribia akainamisha kichwa kusalimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi utanipima lini?"

Marehemu alimgeukia baba wa mtoto, akamuuliza kwa nini huyu hakupelekwa shule pamoja na wenzake. Baba alishangaa kuulizwa. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma mama kuliko matusi. "Mwalimu, si ninyi mlioandika? Mlikuja na majina manne. Mkasema hawa ni wa shule. Huyu hamkumwandika. Mimi nikajua mmeniachia mmoja wa ndama, nikasema hawa watu wana busara."

Alirudi Dongobesh kesho yake. Siku ya tatu alimpigia simu msimamizi wa utafiti, akiwa hapa uani, na sauti ikasikika mpaka kwa majirani. Msimamizi alimweleza kwa upole kwamba sampuli imeshafungwa, na mtoto akiongezwa sasa takwimu zitaharibika.

"Takwimu nilishaziharibu mimi," akasema mama. "Nakupigia nizitengeneze."

Haikuwezekana. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa na kanuni zake. Kishikwambi, alichokuwa ameachiwa kwa ajili ya awamu nyingine, marehemu alikirudisha mwezi wa kwanza mwaka 2024. Fulana alibaki nayo, akawa anapigia deki.

Mwaka mzima wa 2024 alikwenda Gendabi, ambako familia ile ilirudi kujenga boma upya, mara tano. Mara nne za kwanza baba wa mtoto alimjibu kwa heshima kwamba wanne wametosha. Watu wa hapa nao wakaanza kusema. Mzazi gani anahangaikia mtoto wa wafugaji ambao babu zao na babu zetu walikuwa wanaibiana ng'ombe, na wajukuu wake mwenyewe anawaona Krismasi? Sisi wanawe tulisema hivyohivyo, Helena akiwemo. Tuliona anatafuta kusamehewa mahali pengine, wakati deni lake lilikuwa hapahapa mezani.

Mara ya tano, Desemba, alikwenda kwa Mzee Gidahosh mwenyewe. Alimweleza yote, la wingu, la pikipiki na la kufuta. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo jina langu ndilo lililomfungia mtoto mlango?"

"Hapana, Mzee. Ni mimi. Jina lako ni zuri, mimi nilikuwa na haraka."

Mzee akatoa sharti. Ndama sasa wana mtu mwingine, kwa hiyo mtoto aende. Lakini asiende shule ya karibu, ambako baba yake atamwita kila kiangazi. Mwalimu amchukue akae naye nyumbani kwake, amrudishe kila likizo asisahau lugha. "Akiwa kwako ni wa kwako," akasema. "Siku usipokuwepo, nyumba yako isipomjua, namchukua."

Mtoto alifika hapa tarehe 11 Januari 2025, na miaka kumi, na shuka, na mfuko mmoja. Mama Saumu wa duka la vitambaa alimshonea sketi siku hiyohiyo. Walimu wakampokea katika darasa la watoto waliochelewa. Mwezi wa pili alitoroka. Mzee Nikolausi alimkuta kwenye barabara ya kwenda Hanang, akatembea naye bila kumgombeza, na walipochoka wakakaa wakala mahindi ya kuchoma, wakarudi. Mpaka leo hatujui waliongea nini, na huenda hawakuongea. Tangu siku hiyo ndiye aliyempeleka shule kila asubuhi.

Machi mwaka huu marehemu alianza kukwamwa na ugali. Alisema ni ugali wa Helena. Mwezi wa nne hata wali haukupita, tukampeleka hospitali ya mkoa, na wakampa rufaa ya Moshi. Tarehe 6 Mei 2025 tuliambiwa ni kansa ya koo la chakula na imeshasogea. Alitibiwa kadiri ilivyowezekana, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, pamoja na yule muuguzi ambaye tangazo lake la ukutani lilisahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Kuanzia Agosti alikuwa wa uji na maziwa. Mtoto yule ndiye aliyempoza maziwa, kwa kuyamimina kikombe hiki kwenda kile kama wanavyofanya kwao. Jioni aliketi kitandani akasoma maandishi ya chupa za dawa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. "Ku-twa ma-ra ta-tu." Mama akamrekebisha kwa kidole. Alhamisi ya tarehe 18 Septemba alimwomba Imakulata amtolee kwenye daftari lake la zamani ile aya ya kupimia watoto kusoma, ya wakati wa utafiti. Mtoto akaisoma yote, akakwama mara mbili. Kwenye utafiti angehesabiwa anaweza. Hapakuwa na mahali pa kuandika alama yake, kwa hiyo marehemu aliiandika kwenye kalenda ya ukutani, na bado ipo, anayetaka kuona aingie ndani.

Wiki hiyohiyo alimwita Sylvester peke yake. Walikaa muda mrefu. Alichomwambia ni cha Sylvester, hatutakisoma hapa. Tunachojua ni kwamba kaka yetu alitoka nje akaenda kusimama zizini, na hakuna aliyemfuata.

Mwalimu Lucia alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa amepokea sakramenti siku iliyotangulia. Tulilia, na bado hatujamaliza.

Jumatatu ilikaa kamati ya mazishi, na ilipofika kwenye majina ya walioachwa na marehemu yakaandikwa manne. Helena akauliza, "Na huyu?" Sylvester akajibu, na tunalisema hapa kwa kuwa alilisema mbele ya watu, "Mama amemlea, vizuri. Lakini akitajwa makaburini leo, kesho atadai shamba." Wazee wawili wa ukoo wakamuunga mkono. Mzee Nikolausi aliulizwa, akasema, "Mtoto anakula kwangu. Mnataka nini tena?" Lakini hakusema liandikwe, na ratiba ikaenda Babati na majina manne.

Jioni ya siku hiyo Mzee Gidahosh alifika na ukoo wake kutoa pole. Alipopata nafasi alimwita Helena pembeni, akamwambia bila kuzunguka: "Nilimpa mwalimu sharti, na mwalimu hayupo. Sitauliza mtu, msije mkanijibu kwa aibu. Nitasikiliza siku ya kuzika. Nikisikia jina la mtoto kati ya watoto wenu, nitajua ana nyumba. Nisiposikia, tutaondoka naye palepale."

Mtoto mwenyewe hakuambiwa, ila watoto husikia. Tangu Jumatatu amefunga vitu vyake kwenye mfuko wa salfeti, sketi ya shule juu ili isijikunje. Jana alimfuata Helena jikoni na kitabu cha kusomea, akauliza ni cha nani, ili akirudishe kabla ya kuondoka.

Ndiyo maana karatasi imeandikwa upya. Imeandikwa jana jikoni, na leo alfajiri Sylvester alipewa aisome kabla haijasomwa kwenu. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye redio akasema, "Hilo liache. Ni kweli." Akaendelea mpaka mwisho. Kuhusu mwisho hakusema ndiyo wala hapana. Alimrudishia dada yake karatasi, na kama mnavyoiona, haikuchanwa.

Mama Gidamis, tunakuona ulipokaa. Wewe huwezi kulitamka, na hakuna anayekudai. Mama yetu angeweza kutoka nje akamwita mtoto mmoja wa kulisema, hakutoka. Leo mtoto wake amesimama hapa nje, atalisema.

Marehemu ameacha mume, Mzee Nikolausi Bura Amnaay. Ameacha wadogo zake wawili, wakwe watatu na wajukuu tisa. Ameacha watoto watano: Sylvester, Helena, Imakulata, Yoakimu, na Udahosh.

Mzee Gidahosh, shikamoo. Umesikia mwenyewe.

Mama, orodha imetimia. Sasa pumzika.